Koleo Ni Lipi?

Ukienda stoo ya shule yetu siku ya Jumamosi, saa ya kazi za mikono, utaona mezani daftari la kiranja wa vyombo, nalo lasema: makoleo 14, mazima 11. Ukivuka uwanja ukaingia maabara ya kemia, utaona karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, nayo yasema: makoleo 6. Basi ukijumlisha ukasema kwamba shule yetu ina makoleo 20, mwalimu wa hesabu atakupa alama, lakini mtu wa stoo atakucheka. Makoleo ya stoo ni yale ya kuzolea mchanga na takataka za mitaro. Makoleo ya maabara ni vyuma vyembamba vyenye mikono miwili kama mkasi, vya kushikia kikombe cha kaure kitokapo motoni. Moja huchota, jingine hubana. Hayana undugu wowote ila jina.

Nimekusudia kuandika habari za vyombo vya kubania na kushikia, na majina yake. Najua wako watakaogeuza ukurasa upesi ili wasome habari za mpira na bweni lililoshinda. Wageuze, lakini warudi, kwa sababu neno hili dogo lilimchoma mtu mmoja mguu na kumfukuzisha mwingine kazi, nami nilikuwapo.

Kwanza nieleze jinsi mambo yalivyo. Watu wa pwani, wa Tanga na Unguja na kwingineko, wakisema koleo wanakusudia chombo cha mhunzi, kile cha kushikia chuma chekundu. Cha kuzolea mchanga wao hukiita beleshi, na wengine sepetu au chepe. Huku kwetu bara, hasa penye kazi ya kujenga, koleo ndilo hilo la mchanga, na mtu akikuambia "shika koleo" hana maana nyingine. Kamusi iliyomo maktabani kwetu imeziandika maana zote mbili, moja chini ya nyingine, bila kusema ipi ni ya nani. Mimi nadhani maana ya kubana ndiyo ya asili, maana nasikia ndani yake neno kukolea. Chumvi ikikolea katika mchuzi, imeshika. Rangi ikikolea nguoni, imeshika. Beleshi halishiki kitu. Linabeba tu, na ukiliinamisha linamwaga.

Lakini msomaji asidhani kwamba sisi wa Kagera tumelichukua neno hili kwa uvivu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye nguvu ya 5.9, lilipobomoa nyumba nyingi za Bukoba na shule pia, nilikuwa mtoto mdogo. Neno nililolisikia zaidi katika miezi iliyofuata lilikuwa koleo. Lete koleo. Koleo la jirani liko wapi? Nani amekaa na koleo tangu asubuhi? Kwa koleo watu waliondoa matofali juu ya vitanda na vyungu, na kwa koleo wakachanganya udongo na saruji ya kuanzia upya. Mtoto aliyekua siku zile akiambiwa "koleo!" kwa sauti ya haraka, miguu yake hukimbilia penye rundo la mchanga kabla kichwa hakijauliza. Nawaomba mkumbuke jambo hili mtakapolisoma lile linalofuata.

Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, hakuchaguliwa kuendelea na masomo. Baba mdogo hakutaka akae bure kijiweni, akauza kahawa ya msimu mzima akamlipia ada ya mwaka mmoja kwa fundi wa vyuma, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muleba, juu huko upande wa Kamachumu. Fundi huyo ni mtu wa Tanga aliyeoa kwetu. Hutengeneza mageti na madirisha, hunoa majembe, na akipata kazi ya chuma kinene huwasha tanuri la mkaa lenye feni ya umeme. Fuawe lake ni kipande cha reli. Karakana ni ndogo lakini safi, na vyombo vyote vimetundikwa ukutani.

Ilikuwa likizo ya Desemba, na ndugu yangu alikuwa katika wiki yake ya pili. Katika wiki hizo mbili fundi alikuwa akichomelea tu. Tanuri lilikuwa bado halijawashwa hata mara moja. Siku hiyo likawashwa. Nilikuwa nimetumwa kupeleka chakula, nikasimama mlangoni nione moto. Fundi alitia kipande cha chuma bapa ndani ya makaa, kikawa chekundu, akakitoa kwa plaizi ambayo ilikuwa karibu na mkono wake. Plaizi ni fupi. Joto likaanza kupanda, na ile mipira ya mpini ikaanza kunuka. Fundi akaita bila kugeuka, "Kijana, nipe koleo! Upesi!"

"Naam, Fundi, liko nje!" akajibu ndugu yangu, akatoka mbio. Alipita chini ya koleo lenyewe, lililoning'inia ukutani kiasi cha hatua mbili kutoka aliposimama.

Yaliyobaki yalikwisha kwa muda wa kuhesabu tano. Plaizi ilifunguka, chuma kikaanguka, kikatua juu ya mguu wa fundi aliyevaa kandambili. Sitaeleza harufu. Mara ndugu yangu akaingia amekumbatia koleo la kujengea kwa mikono miwili, mchanga ukidondoka sakafuni, uso wake umejaa furaha ya mtu aliyekimbia vizuri. Fundi akamtazama, akalitazama lile koleo, akasema, "Nakuomba koleo, wewe waniletea beleshi! Waja kunizika?"

Watu waliokuwa nje walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Fundi aliona kwamba amefanyiwa mzaha mbele za watu, na ndugu yangu hakuwa na la kusema kwa kuwa hata yeye hakuelewa kosa lake lilikuwa nini. Alikuwa ameombwa koleo, naye amelileta. Jioni ile akafukuzwa. Ada haikurudi, maana ilikuwa imekwisha kununua vyuma. Baba mdogo alikwenda mara mbili kuomba radhi, na mara zote mbili akamkuta fundi amenyoosha mguu juu ya kigoda, amefungwa bendeji, hataki mazungumzo.

Shule ilipofunguliwa nilimwomba mwalimu wa maktaba ruhusa, nikanakili kwa mkono maneno ya kamusi juu ya koleo. Wakati wa Pasaka tukaenda mimi na baba mdogo. Fundi alitupokea kwa adabu, kwa kuwa mtu wa pwani hata akiwa na hasira hakosi kumkaribisha mgeni. Nikamwamkia, akaitikia, nikampa karatasi yangu. Akavaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kamusi hii imeandikwa na watu wa wapi?"

"Wa Dar es Salaam, Fundi."

"Dar es Salaam ni pwani," akasema. Akanyamaza kitambo. "Basi nao wamekwisha haribika."

Baba mdogo akasema, "Ee waitu, Fundi, mtoto hakukudhihaki. Kwetu sisi hilo ndilo koleo tangu nimezaliwa."

Fundi alikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati. Hakusema kwamba amesamehe. Alisema, "Arudi Jumatatu. Lakini kila kilichomo ukutani mwangu kiandikwe jina chini yake, na jina liwe moja. Na wewe msomi umsaidie kuandika." Hivyo ndivyo nilivyotumia siku tatu za Pasaka na kopo la rangi nyeupe, na hivyo ndivyo nilivyojifunza haya ninayowaandikia.

Tulianza na koleo lenyewe, na hapo hapakuwa na ubishi: karakana ni ya fundi, na neno ni la fundi. Koleo lake lina mikono ya sentimita 45 kutoka kwenye pini hadi mkono unaposhika, na mdomo wa sentimita 9. Ni nyenzo mbili zilizounganishwa katikati, kama tulivyofundishwa katika fizikia. Gawanya 45 kwa 9, utaona kwamba nguvu ya mkono huongezeka mara tano mdomoni. Kisha nikaipima plaizi: sentimita 12 kwa 3, yaani mara nne. Nilishangaa. Nilidhani koleo lina nguvu kupita plaizi kwa mbali sana, kumbe yanakaribiana. Faida ya koleo si nguvu, ni umbali. Linauweka mkono wa mtu mbali na moto, na chuma kirefu huchukua muda mrefu kupitisha joto hadi mwisho wake. Plaizi imetengenezwa kwa kazi nyingine: kupinda waya, kukata waya, kukaza waya. Kushikia moto si kazi yake.

Plaizi ndiyo iliyotupa taabu ya kuandika. Nilikuwa nimekwisha tembea maduka ya vifaa vya ujenzi pale Bukoba mjini, nikaona imeandikwa plaizi, praizi, plaisi, na pulaizi, kila mwenye duka kwa sikio lake. Fundi alitaka tuandike "koleo dogo", lakini ndugu yangu akakataa kwa heshima. Alisema kwamba akiambiwa tena neno hilo kwa sauti ya haraka hajui miguu yake itakwenda wapi. Tukaandika plaizi. Ile yenye pua ndefu tukaandika plaizi ya mdomo mrefu, na ile ya wafunga nondo, yenye mdomo mpana wa kusokota na kukata waya, tukaiandika hivyo hivyo, "ya nondo", kwa kuwa hakuna aliyekuwa na neno bora.

Kibano ni kitu kingine kabisa. Hakina pini, ni bamba moja la chuma lililokunjwa, nalo hufunguka lenyewe ukiliachia. Ndicho cha kutolea mwiba, na cha fundi saa kuokotea gurudumu dogo lisiloonekana vizuri. Katika fizikia kibano ni nyenzo ya daraja la tatu: mkono hubana katikati, mzigo uko nchani, na nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Mtu anaweza kuuliza, chombo cha kupunguza nguvu cha nini? Lakini mwulize aliyetolewa mwiba kwa plaizi.

Jiliwa ndilo lililonipendeza kuliko yote. Ni lile la mezani, lenye meno mawili mapana na parafujo nene ya kukazia, ambalo ukiisha kulikaza unaweza kwenda zako ukanywa chai na kitu kikabaki kimeshikwa. Katika karakana zote nilizopita, Bukoba na Muleba, nasikia vaisi tu. Fundi peke yake ndiye aliyesema jiliwa, nami nilidhani ni neno la kwao la nyumbani mpaka nilipolikuta katika kamusi. Tukaliandika kwa herufi kubwa kuliko zote. Karibu nalo tukaandika gango, yaani kile cha kubania mbao mbili mpaka gundi ikauke, ambacho mafundi seremala wengi hukiita klempu. Gango ni neno lenye huruma ndani yake: mganga hugangua na kuganga, na mfupa uliovunjika hufungwa gango ili uunge. Mbao nazo huungwa hivyo hivyo.

Tulipofika upande wa spana, fundi alikaa kitini akatuacha tubishane. Spana haibani, umbo lake hulingana na la nati, na ndiyo maana kuna namba nyingi. Lakini iko ile moja yenye mdomo unaofunguka na kufungwa kwa kijigurudumu, inayoingia katika nati ya kila ukubwa, na kwa sababu hiyo mafundi wote wa Tanzania wameipa jina ambalo Mhariri wetu hatalichapa. Anayelijua analijua. Nilipokataa kuliandika ukutani kwa sababu mke wa fundi hupita pale, fundi alicheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Chombo hicho, kwa namna tunavyokijua leo, kilipata hataza mwaka 1892 kwa mkono wa Johan Petter Johansson wa Enköping, nchi ya Sweden, ambaye mwaka 1888 alikuwa amekwisha pata hataza ya spana ya mabomba, ile yenye meno ambayo kadiri unavyoisukuma ndivyo inavyozidi kuuma. Nimesoma kwamba Wadenmark huiita ya mdomo unaofunguka ufunguo wa Kiswidi, Wafaransa huiita ufunguo wa Kiingereza, na Wapolandi ufunguo wa Kifaransa. Kila mtu amemsingizia jirani yake. Kwa hiyo si sisi peke yetu tulioona kwamba chombo kisichochagua nati kina tabia ya kutiliwa shaka.

Iko pia plaizi inayojifunga, ambayo ukiikaza haifunguki mpaka ubonyeze kiwiko chake. Aliyeitengeneza alikuwa mhunzi kama fundi wetu: William Petersen, mtu aliyetoka Denmark akahamia mji mdogo wa DeWitt, Nebraska, Marekani, akapata hataza yake mwaka 1924. Nilipomsomea fundi habari hiyo aliuliza kama huyo Petersen naye alikuwa na mwanafunzi.

Jambo moja alilolisema fundi siku ya pili lilinichoma. Alisema kwa mzaha, "Ninyi watu wa ndizi, habari za chuma mmezijulia wapi? Hata koleo hamlijui." Nikanyamaza kwa sababu ni mkubwa wangu, lakini hapa nina kalamu. Pale Katuruka, Maruku, kilomita chache tu kutoka Bukoba mjini, uko mahali paitwapo Kaiija, panapohusishwa na Mukama Rugomora Mahe, na wazee husimulia kwamba alijenga hapo mnara wa kufikia mbinguni. Jina lenyewe lasemekana kuwa na maana ya mahali pa wafua chuma. Katika miaka ya 1970 Bw. Peter Schmidt, mchimbaji wa mambo ya kale kutoka Marekani, alifuata maneno ya wazee akachimba hapo, na chini yake akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya miaka ipatayo 2,000 na zaidi. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wakikumbuka kazi hiyo walijenga tena tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakachoma majani ya kinamasi shimoni, wakavuta mivukuto, wakayeyusha chuma mbele yake. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuachwa tangu chuma cha Ulaya kilipoingia kwa bei nafuu. Habari zao zilichapishwa na Bw. Schmidt na Bw. Donald Avery katika jarida la Science mwaka 1978, zikasomwa dunia nzima. Na neno nyundo analolitumia fundi kila siku ni la Kibantu cha kale. Jamaa zake wamo katika Kihaya, Kinyankole na Kiganda. Sisi hatukukosa chuma. Tulikosa chuma kwa muda wa maisha ya babu na baba, na muda huo ulitosha majina ya vyombo kuondoka na wenyewe.

Hayo ndiyo yanayonisumbua kuliko ule ugomvi wa beleshi. Jina la chombo halikai bila kazi yake. Bibi yangu anaweza kunitajia aina nyingi za ndizi bila kupumzika, kwa sababu ndizi zimo shambani mwake na mkononi mwake kila siku. Nilimwuliza mhunzi alikuwa akishikia nini chuma cha moto, akanitazama kama aliyeulizwa habari za mwezini. Hakuwahi kukaa karibu na moto ule. Ulikuwa umezimwa kabla yake.

Nilipokuwa nikiandika makala hii nilimpigia simu shangazi yangu, ambaye ni mkunga, nikamwuliza kama hospitalini wanalo tatizo la koleo. Alinicheka. Alisema kwamba chumba cha upasuaji kina vyombo vya kubania vya namna nyingi, na hakuna anayesema "nipe kibano". Kila kimoja kina jina lake kamili, na vingi vimepewa majina ya madaktari waliovibuni: kiko cha Spencer Wells, Mwingereza, na kiko cha Kocher, Mswisi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1909. Muuguzi mgeni hufundishwa majina kwanza, kabla ya kitu kingine, maana mshipa uliokatwa haungoji watu waelewane. Nilimwuliza, na akija daktari anayetumia jina jingine? Akasema, "Tunaulizana kabla ya kuanza, mwanangu. Si katikati."

Sasa yako mabishano kati yetu bwenini kuhusu la kufanya. Wengine wasema maneno kama plaizi, spana na vaisi yatupwe, tutumie Kiswahili safi. Mimi sikubali. Parafujo tuliipata kwa Wareno, na meza pia, na hakuna anayeyaonea haya. Spana nayo imekwisha kuwa mwananchi. Wengine wasema kazi hii ni ya wakubwa. Kwamba tangu mwaka 1930 ilikuwako Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na kamusi yake ikatoka mwaka 1939, kisha Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka 1967, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Basi sisi wanafunzi tusubiri tuambiwe. Ni kweli kwamba kazi hizo zimefanywa, nami nimezitumia. Lakini aliyekuwa na mguu wa kuungua hakuwa na kamusi mkononi, na aliyefukuzwa kazi hakuwa nayo pia. Sisi tunasoma nyenzo na joto kwa Kiingereza, tunawaeleza wenzetu kwa Kiswahili, na nyumbani mama anatujibu kwa Kihaya. Tukitaka jina lishike, itabidi lipite njia hizo zote tatu bila kumwagika njiani.

Kwa upande wangu, ningependa koleo liachiwe mhunzi na maabara, na lile la mchanga liitwe sepetu au beleshi. Nilipomwambia baba haya, alisimama na hilo la mchanga mkononi akasema, "Hili lilitoa kitanda chako chini ya ukuta. Liite unavyotaka, mimi naliita koleo." Sikuwa na jibu, na bado sina.

Ndugu yangu yuko kazini mpaka leo. Fundi anachechemea kidogo wakati wa mvua, naye siku hizi huvaa buti. Wakiwasha tanuri, kabla ya kutia chuma, fundi hunyoosha kidole ukutani na ndugu yangu hutaja: koleo, plaizi, jiliwa, gango, kibano. Wameongeza hata beleshi, ingawa liko nje. Mwakani baba mdogo anataka ajaribu kuingia chuo cha VETA, na huko nadhani atakutana na majina mengine tena.

Chini ya ile spana yenye mdomo unaofunguka tuliacha nafasi tupu, na rangi ingali imebaki koponi. Ikiwa msomaji wa Karagwe, Ngara, Biharamulo au Misenyi anajua jina linaloweza kuandikwa ukutani mbele ya mke wa fundi, tafadhali anipatie kabla ya mwezi wa Novemba, maana baada ya mtihani wa kidato cha nne sitakuwa hapa. Na kiranja wa vyombo, ukiwa umesoma mpaka hapa: yale matatu mabovu bado yako nyuma ya jiko, vipini tu ndivyo vilivyovunjika.